Msuguano wa Kamba: Kwa Nini Demani Hufyatuka?

Ngalawa zitokazo Msuka, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, hukabili Mkondo wa Pemba. Kamba iitwayo demani, ifungwayo kwenye pembe ya nyuma ya tanga, ndiyo impayo nahodha uwezo wa kulikaza tanga au kulilegeza. Kamba hiyo hutakiwa kutimiza mambo mawili yanayopingana: ishike barabara muda wote wa safari, na iachie mara moja dharuba inapopiga. Ikifyatuka yenyewe, tanga hupigapiga na chombo hupoteza mwendo katikati ya mawimbi. Ikikataa kufunguka, ngalawa hupinduka.

Watelezao juu ya theluji kwa vibao wana tatizo lilo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Hjalmar Hvam, mzaliwa wa Norway aliyehamia Marekani, alibuni kishikizo kinachoachia kiatu mguu unapopindwa. Vishikizo vya siku hizi hutumia springi: ikilegezwa mno, kibao huchomoka mteremkoni bila sababu, ikikazwa mno, mfupa huvunjika. Ngalawani hamna springi. Kazi yote hufanywa na msuguano.

Kamba ikizungushwa kwenye mti, kani ndogo ya mkono huweza kuzuia kani kubwa ya tanga. Kanuni yake, inayohusishwa na mwanahisabati Leonhard Euler (1707–1783), ni hii:

K = k × e^(mθ)

K ni kani upande wa tanga, k ni kani upande wa mkono, m ni kizigeu cha msuguano, θ ni pembe ya mzunguko kwa radiani, na e ni 2.718. Mwanafunzi aangalie mahali m ilipokaa: imo katika kipeo. Ndiyo maana badiliko dogo la m huleta tofauti kubwa ajabu.

Kwa mfano, tanga livute kwa nyutoni 300, na demani izungushwe mara mbili. Kamba ya makumbi ya nazi ina manyoya na hukwaruza. M yake ichukuliwe kuwa 0.3. Hapo mkono utahitaji nyutoni 7 tu. Kamba ya plastiki ni laini. M yake ikiwa 0.15, mkono utahitaji nyutoni 46. Sasa upepo uongezeke kasi mara mbili. Kwa kuwa kani ya upepo hufuata mraba wa kasi, tanga litavuta kwa nyutoni 1,200. Kamba ya makumbi itadai nyutoni 28. Ya plastiki 182, sawa na kuinua mzigo wa kilo 18 na zaidi. Ncha iliyobanwa tu chini ya kamba haiwezi kustahimili hayo, nayo hufyatuka.

Dawa inayomjia mtu upesi ni kupiga fundo gumu. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa. Afadhali kuongeza mizunguko: minne ya plastiki hushika sawasawa na miwili ya makumbi, ingawa huchelewa kidogo kufunguliwa. Ncha nayo ifungwe kwa kitanzi kinachofunguka kwa mvuto mmoja.

Mtikisiko nao una sehemu yake. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza jinsi kamba za viatu zinavyofunguka: kishindo cha kila hatua hulegeza kiini cha fundo, na ncha zinazopeperuka huzivuta kamba nje. Tanga linalopigapiga huweza kulitendea fundo la demani vivyo hivyo.

Darasani, mti laini ufungwe ukiwa umelala. Kamba ipitishwe juu yake nusu mzunguko, yaani θ = 3.14. Upande mmoja litundikwe jiwe la kilo 2, karibu nyutoni 20; upande wa pili mizani ya springi. Mvuto upunguzwe polepole hadi jiwe lianze kushuka. Mizani ikisoma nyutoni 8, m ni logi asilia ya 20/8 ikigawanywa kwa 3.14, yaani 0.29. Jaribio lirudiwe kwa kamba ya plastiki, kisha kwa kamba zote mbili zikiwa zimeloweshwa maji ya chumvi, kwani chomboni kamba haikai kavu.