Programu Inakataa Kwenye Wi-Fi? Badilisha Njia Kabla ya Kubadilisha PIN

Umefungua programu ya malipo, umeweka PIN ile ile ya kila siku, kiduara kimezunguka weee, kisha unaambiwa: "Imeshindwa kuunganishwa. Jaribu tena." Unajaribu tena, na tena. Pengine uko kwenye Wi-Fi ya hoteli mjini Embu, ya chuo kule Nchiru, au ya ofisi pale Makutano, Meru. Jirani yako anayetumia data ya simu anaingia bila shida.

Hapo wengi huanza kubadilisha PIN. Ngoja kidogo. Mara nyingi PIN yako haina kosa na pesa zako zipo salama. Tatizo liko njiani, kati ya simu yako na seva. Leo tunakuonyesha jinsi ya kulitambua.

Poti na faiawali ni nini?

Seva ni kompyuta inayopokea maombi yako: kuangalia salio, kutuma pesa, kulipa bili. Ichukulie kama jengo lenye milango mingi, kila mlango na nambari yake. Milango hiyo huitwa poti, na nambari zake hufika hadi 65,535. Programu za malipo na tovuti salama kwa kawaida hupitia poti 443. Kabla ya kufika hapo, simu huuliza anwani ya seva, na swali hilo kwa kawaida hupitia poti 53.

Faiawali ni soja wa langoni. Anaweza kuwa ndani ya ruta, ndani ya kompyuta, au hata ndani ya simu yako. Mwenye mtandao humpa orodha ya nani apite na nani azuiwe. Orodha ikiwa kali kupita kiasi, au ikiwa ya zamani, ombi lako linarudishwa hata kabla seva haijaiona PIN yako.

Kwa nini USSD inakubali?

Menyu ya USSD, ile inayoanza kwa nyota, haitumii Wi-Fi wala bando. Hupitia mtandao wa simu wenyewe, ule unaobeba SMS. Ndiyo maana hata mwenye kabambe anatuma pesa, kama ilivyokuwa M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka wa 2007. Basi ukiona salio lako kwa USSD huku programu ikigoma, jua akaunti yako ni nzima.

Soma ujumbe vizuri

- *"PIN si sahihi."* Umefika kwenye seva, ikakukagua, ikakataa. Hapa faiawali haihusiki. Usibahatishe, maana ukikosea mara kadhaa akaunti hufungwa.
- *Inazunguka, kisha "muda umekwisha".* Huenda soja amelitupa ombi lako kimyakimya, au mtandao ni dhaifu.
- *Inakataa papo hapo.* Huenda poti imefungwa, au huduma haipatikani kwa wakati huo.
- *"Muunganisho si salama."* Angalia tarehe na saa ya simu. Zikiwa sawa na onyo bado lipo, usiendelee. Toka kwenye Wi-Fi hiyo.

Hatua tano za kujaribu

1. Angalia salio kwa USSD.
2. Zima Wi-Fi, washa data ya simu, kisha ingia. Ikikubali, tatizo ni la Wi-Fi ile. Hakuna haja ya kugusa PIN.
3. Ukitaka kubaki kwenye Wi-Fi, fungua kivinjari. Mitandao ya hoteli na vyuo mara nyingi huwa na ukurasa wa kujisajili kwanza. Usipoukamilisha, hakuna kinachopita. Ukurasa huo hauhitaji PIN yako ya pesa; ukiiuliza, funga.
4. Ikikataa hata kwenye data, hakikisha bando halijaisha. Kisha zima VPN, programu ya kuzuia matangazo, na ile ya kubana data. Hizi pia huzuia njia.
5. Weka tarehe na saa zijipange zenyewe.

Kwa wenye maduka na biashara

Tuseme unanunua miraa Maua au muguka kule Mbeere. Wavunaji wanangoja malipo, gari liko tayari kuondoka, na mzigo huo haungoji kesho. Kompyuta ya ofisi inakataa kuingia kwenye tovuti ya malipo. Fanya hivi: washa hotispoti ya simu yako, unganisha kompyuta, ujaribu tena. Ikikubali, lipa watu wako kwanza. Ruta ya ofisi itashughulikiwa baadaye.

Fundi akija, mwambie aruhusu mawasiliano ya *kutoka* kwenda anwani za huduma yetu kupitia poti 443, na ahakikishe poti 53 haijazibwa. Kwenye Windows anaweza kupima kwa amri ya Test-NetConnection, akiweka anwani ya tovuti na poti 443. Jibu likiwa "True", mlango uko wazi, kwa hiyo mtafute kosa kwingine, kwa mfano kwenye kivinjari au nenosiri. Kipimo hicho hakihitaji nenosiri lako, kwa hiyo usimpe.

Usikubali faiawali izimwe yote "ili mambo yaende". Usikubali pia afungue poti za *kuingia* kwenye kompyuta yako, kulipa hakuzihitaji. Kufanya hivyo ni kumwachisha soja kazi kwa sababu ya mgeni mmoja.

Mambo mawili ya kuchunga

La kwanza, muunganisho ukikatika katikati ya malipo, usitume tena haraka. Ombi la kwanza huenda lilifika, ila jibu ndilo lililopotea. Angalia SMS ya uthibitisho, salio na taarifa ya akaunti kwa USSD. Ukituma mara mbili, kurudishiwa huchukua muda, na pengine aliyepokea ameshazitumia.

La pili, matapeli wanapenda saa kama hii. Mtu akikupigia akisema anataka "kukufungulia mtandao" na kukuomba PIN au nambari ya siri iliyotumwa kwa SMS, kata simu. Sisi hatukuulizi PIN, hata mara moja.

Ukimaliza hatua zote bila mafanikio, wasiliana nasi kupitia nambari iliyo ndani ya programu. Tuambie saa ilipokataa, ulikuwa kwenye Wi-Fi au data, na maneno kamili ya ujumbe uliouona. Kwa hayo matatu tutajua haraka mlango uliofungwa ni upi.