Leseni Iko Ndani ya Simu, Simu Iko Kwenye Rimoti

Kamina ni mji wa reli, na tangu 2015, majimbo ya Kongo yalipogawanywa, ni makao makuu ya Haut-Lomami. Ni mji wa askari pia: nje yake iko kambi kubwa ya kijeshi yenye uwanja wake wa ndege, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Anayerusha droni hapa, iwe ni kwa picha za harusi au kwa kupima shamba la mahindi, anairusha katika mji ambamo watu hutazama juu kwa shaka. Maswali yafuatayo ndiyo ninayoulizwa zaidi na vijana wa kazi hii. Karibu yote yanazunguka jambo moja: je, karatasi zangu zikikaa ndani ya simu, inatosha?

Papa, mimi ni mpiga picha wa harusi. Nilisoma kozi ya droni, nikapewa cheti. Picha yake iko kwenye simu. Inatosha?

Inatosha kwa jambo moja: kumwonyesha anayekuuliza kwamba droni hukuiokota jana. Kwa mengine, hapana. Cheti cha kozi hutolewa na shule, leseni hutolewa na dola. Huku kwetu mwenye anga ni Autorité de l'Aviation Civile, ile tunayoiita AAC, na sheria mama ni ile ya usafiri wa anga ya 31 Desemba 2010. Halafu hata leseni yenyewe si kibali. Leseni inasema mtu huyu anajua kazi. Kibali kinasema mtu huyu, kwa kazi hii, mahali hapa, siku hizi, ameruhusiwa. Vijana wengi hushika cha kwanza wakidhani kimebeba cha pili tumboni. Karatasi isiyo na nguvu mezani haipati nguvu kwa kupigwa picha.

Mbona Ulaya wanaonyesha simu tu na mambo yanaisha?

Ni kweli. Uingereza, kwa mfano, mrushaji akiulizwa na polisi anaweza kuonyesha namba yake kwenye simu au kwenye karatasi, yote sawa. Lakini usiangalie simu, angalia kilicho nyuma ya simu. Nyuma yake kuna daftari la serikali ambamo namba ile imeandikwa. Nguvu iko kwenye daftari. Simu ni dirisha tu.

Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limeliona hilo. Kuanzia 3 Novemba 2022 kanuni zake za leseni zina mambo mawili mapya: leseni ya rubani anayeongoza ndege akiwa chini, na leseni ya kielektroniki. Leseni ya kielektroniki si picha ya leseni. Imetengenezwa na mamlaka ili mkaguzi aweze kuthibitisha kwamba ni ya kweli, haijachezewa, na haijafutwa. Picha uliyoipiga mezani kwako haina hata moja ya hayo. Mtoto wa kidato cha pili mwenye simu nzuri anaweza kubadilisha jina lililo juu yake kabla chai haijapoa, na askari wa bariyeri analijua hilo kuliko wewe.

Kongo si tuna sheria ya mambo ya kidijitali sasa? Haisemi kwamba maandishi ya kompyuta ni sawa na karatasi?

Tunayo: Code du numérique, amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya 13 Machi 2023. Inayatambua maandishi ya kielektroniki, mradi mwenyewe ajulikane na maandishi yahifadhiwe kwa namna ambayo hayawezi kugeuzwa kisirisiri. Soma sharti hilo mara mbili. Barua ya kibali iliyotoka ofisini ikiwa faili, yenye sahihi ya kielektroniki, inaweza kusimama kwa miguu yake. Karatasi yenye muhuri, au kashe kama tunavyosema huku, ukiipiga picha inabaki kuwa kivuli cha karatasi. Kivuli kina kazi yake. Kinasaidia karatasi ikipotea, kinaonyesha namba na tarehe, kinamwezesha mtu wa ofisini kutafuta jalada lako. Lakini orijino bado inatafutwa.

Ushauri wangu ni huu: ofisi ikikupa kibali kwa barua pepe, usikipige picha kutoka skrini. Tunza faili lenyewe kama lilivyokuja, pamoja na ile barua pepe iliyolileta. Ukikata, ukigeuza, ukituma WhatsApp na kulipokea tena, unaondoa kile kilicholifanya liaminike.

Tumeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mimi nina leseni ya Kenya. Si nirushe?

Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, ndiyo, lakini anga haikuunganishwa. Kuna kifungu cha 8 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, kilichoandikwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa: ndege inayoweza kuruka bila rubani hairuki juu ya nchi nyingine bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Leseni ya Nairobi, iliyotolewa chini ya kanuni za Kenya za 2020, itasaidia faili lako huko AAC lionekane zito. Haifungui anga ya Kamina. Vivyo hivyo ukivuka kwenda Tanzania, ambako kanuni za droni ni za 2018, wataanza na wewe upya.

Kwa pembeni tu: mkataba huohuo, kifungu cha 29, unataka leseni za wahudumu zibebwe ndani ya ndege yenyewe. Wazia kuikunja leseni na kuifunga kwenye kidroni cha gramu mia mbili na arobaini na tisa. Waliouandika hawakukuwaza wewe, kwa hiyo mzigo wa karatasi umebaki kwenye mfuko wako.

Karatasi zipi hasa nibebe?

Karte yako ya uchaguzi kwanza. Kisha leseni kama unayo, kibali cha AAC, na barua au alama yoyote inayoonyesha kwamba vyombo vya usalama vya mahali vinajua utarusha, maana katika nchi hii droni ni jambo la usalama kabla ya kuwa jambo la anga. Kama umetumwa na shirika au kampuni, « ordre de mission » yenye tarehe ambazo hazijapita. Kama ni shamba au kijiji, neno la chefu au la mwenye ardhi, limeandikwa.

Karatasi ambayo watu husahau ni ya mali: fakitire ya kununulia, yenye namba ya droni, na risiti ya forodha ya DGDA kama iliingia kutoka nje. Mara nyingi ugomvi hauanzi na leseni. Unaanza na swali dogo: kitu hiki ni cha nani? Piga picha ya ile namba iliyobandikwa ndani ya nafasi ya betri, uiweke jirani na picha ya fakitire. Zikifanana, swali limekwisha.

Karte yangu ya uchaguzi imefutika, hata uso wangu hauonekani. Nina picha niliyoipiga zamani. Inanisaidia?

Swali hili ndilo linanifanya niwaambie watu wasiidharau picha ya simu. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku, kwa kuwa kitambulisho cha taifa, ambacho rais alipewa cha kwanza mwezi wa sita 2023, hakijawafikia wananchi wengi. Na kadi zilizotolewa na tume ya uchaguzi, CENI, katika uandikishaji ulioanza Desemba 2022 zilikuwa na ugonjwa wake: wino ulififia. Watu walilalamika nchi nzima, hadi ikabidi dupulikata zitolewe kabla ya uchaguzi wa 20 Desemba 2023. Mtu aliyekuwa amepiga picha ya kadi yake siku ya kuipokea alikuwa na jina, namba na kituo vikisomeka vizuri. Mwenzake alibaki na kipande cha plastiki cheupe.

Kwa hiyo ndiyo, inakusaidia: onyesha kadi iliyofutika pamoja na picha. Mkono mmoja unaonyesha kitu halisi, mwingine unaonyesha kilivyosomeka. Kisha nenda kaombe dupulikata. Na kadi yoyote mpya ukiipata, ipige picha siku hiyohiyo, pande zote mbili, mahali penye kivuli ili isimeremete.

Nikiziweka karatasi zote kwenye simu, kuna ubaya gani? Simu siiachi kamwe.

Huiachi, lakini unaporusha simu haiko mfukoni. Imebanwa kwenye rimoti, na ndiyo skrini yako. Hili hawalifundishi kwenye kozi, nililifundishwa na jua. Nilikuwa napima shamba nje ya mji, droni iko juu, akaja mzee mmoja wa usalama kwa upole kabisa: kijana, karatasi. Karatasi zilikuwa ndani ya simu. Simu ilikuwa inanionyesha droni iko wapi. Nikitoka kwenye programu ya kurushia ili nifungue picha, nimejipofusha mwenyewe. Nikimwambia asubiri, naonekana mtu anayeficha jambo. Nikaishusha haraka, vibaya, panga moja la droni likavunjika kwenye kisiki. Nilipofungua simu hatimaye, jua la saa sita lilikuwa limeipasha mpaka ikapunguza mwanga wa skrini, na yule mzee akawa anasoma uso wake mwenyewe kwenye kioo. Betri: asilimia tisa.

Tangu siku ile nina farde ya plastiki ya bei ndogo. Ndani yake mna fotokopi za kila kitu, na zile muhimu ni kopi zilizogongwa kashe ya uthibitisho, ile « copie certifiée conforme ». Orijino za leseni na fakitire zinakaa nyumbani. Kibali cha siku hiyo na karte natembea navyo. Nakala za simu ni safu ya pili, na ziko kwenye simu nyingine, ile ndogo ya zamani isiyorusha chochote. Zimehifadhiwa ndani ya simu yenyewe, maana mtandao ukikatika, nakala iliyoko intaneti ni sawa na iliyoko mwezini. Nyumbani kuna flashi yenye nakala ya tatu. Ikiwa huna simu ya pili, mpe msaidizi wako nakala. Kazi ya droni bila mtu wa pili wa kuangalia anga siipendi hata hivyo.

Askari akitaka kuishika simu yenyewe?

Hapa farde inalipa gharama yake, maana karatasi unaweza kumpa mtu aende nayo hatua tano. Simu ikienda hatua tano imeenda na picha za watoto wako, M-Pesa yako na mazungumzo yako na shemeji. Kama huna budi, simu nyingi zina namna ya kubandika skrini ili ibaki kwenye ukurasa mmoja mpaka uweke namba ya siri. Jifunze nyumbani, si bariyerini. Weka nyaraka kwenye faili moja la PDF, si ndani ya albamu ambayo kidole kikiteleza kinafika kwenye picha za jana, hasa kama jana ulirusha mahali ambapo hupendi kuulizwa.

Na mtu akikuomba umtumie nakala ya karte kwa WhatsApp, iwe ni mteja au ofisi, andika juu ya nakala hiyo, kwa kupitisha katikati, imetolewa kwa nani, kwa kazi gani, tarehe ngapi. Nakala safi ya karte ni chakula cha matapeli.

Nikiwa na karatasi zote, kamili, naweza kupiga picha ya kambi au ya uwanja wa ndege?

Hapana.

Na stesheni ya reli? Wageni wanaipenda.

Stesheni, daraja, uwanja wa ndege, kambi: katika macho ya usalama ni ndugu wa tumbo moja. Kamera ya mkononi tu imewaletea watu taabu maeneo hayo, sembuse inayoruka. Vita vya mashariki vimelifanya neno droni liwe na mlio mwingine masikioni mwa askari, na askari wa Kamina ana ndugu zake huko. Omba kwa maandishi, kwa jina la mahali na saa, usubiri jibu kwa maandishi. Jibu lisipokuja, hilo nalo ni jibu.

Droni iko hewani, askari amesimama mbele yangu, anataka karatasi sasa hivi. Nifanye nini?

Usimkimbilie, usiikimbize droni mbali. Sema kwa sauti anayoisikia: « Shefu, naishusha kwanza, dakika mbili. » Ishushe karibu yako, mahali anapoiona. Zima mapanga, toa betri, iweke chini. Kisha mpe farde, karte ikiwa juu.