Tangi linalovuja: tulikarabati au tujenge jipya?

Parokia na shule nyingi zina tangi la saruji la kuvunia maji ya mvua. Linapoanza kuvuja, kamati hugawanyika. Baadhi wanataka fundi aje kesho alizibe; wengine wanataka wafadhili waandikiwe barua ya kuomba jipya. Ni kweli, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini tunashauri kwamba kabla ya kutoa hata shilingi moja, tujue kwanza ufa umesababishwa na nini.

Pimeni kwanza

Fungeni koki zote, zuieni maji ya paa yasiingie, kisha wekeni alama kwenye usawa wa maji. Rudini baada ya saa 24. Katika tangi la mviringo lenye kipenyo cha mita 3, kila sentimita 1 iliyoshuka ni takriban lita 70, yaani zaidi ya ndoo tatu kubwa. Maji yakiendelea kushuka kisha yakakoma, tafuteni ufa kwenye usawa huo. Kagueni pia koki na bomba la kutolea maji.

Ukarabati unatosha ikiwa:

- uvujaji uko kwenye koki au bomba;
- msingi haujatitia;
- ufa ni mwembamba na haurefuki. Wekeni alama na tarehe kwenye ncha zake, mtazame tena baada ya mwezi mmoja.

Fundi aupanue ufa kwa patasi, ausafishe, aulowanishe, kisha aujaze mchanganyiko wa saruji sehemu 1 na mchanga safi sehemu 3. Mahali hapo pawekwe unyevu kwa siku 7 au zaidi. Mtu asiingie ndani ya tangi bila mwenzake kuwa nje akimwangalia.

Jengeni jipya ikiwa:

- upande mmoja umetitia au ukuta umeinama;
- waya na nondo zimeliwa na kutu mahali pengi;
- ufa uliozibwa vizuri unafunguka tena.

Hata hivyo, tangi jipya juu ya udongo uleule unaolowana kwa maji yanayofurika, au kando ya mti uleule wenye mizizi mikubwa, nalo litapasuka. Ondoeni chanzo kwanza.

Neno kuhusu fedha

Andikeni gharama zote mbili kwenye karatasi moja, pamoja na usafirishaji, na mahali watoto watakapopata maji wakati tangi halitumiki. Kwa wafadhili wetu tunasema hivi: ukarabati hauna jiwe la msingi wala sherehe ya uzinduzi, lakini mtoto anayekinga kikombe kwenye koki hupata maji yaleyale. Fedha zinazobaki zinaweza kununua mifereji ya paa kwa shule jirani.

Maswali ya kujadili

1. Nani kati yetu hulikagua tangi letu, na mara ngapi kwa mwaka?
2. Je, tuna akiba ya matengenezo, au tunangoja mpaka livuje?
3. Tukiomba tangi jipya leo, tunaweza kuonyesha vipimo vinavyothibitisha kwamba la zamani halifai?