SOMO LETU: NENO "UNRULY" KATIKA KITABU CHA MINITI



Vikundi vingi huandika miniti kwa Kiingereza, hata kama mkutano wenyewe uliendeshwa kwa Dholuo au Kiswahili. Hapo ndipo neno moja laweza kumharibia mtu jina. Mama amebishana juu ya pesa za merry-go-round, katibu anaandika kwamba alikuwa "unruly". Mwezi ujao neno linasomwa na mama anapigwa faini. Je, alikosa nini hasa?

Neno hili latokana na "rule", yaani kanuni. "Unruly" ni asiyetawalika, asiyefuata utaratibu. Huweza kusemwa juu ya mtoto mtundu, ng'ombe anayekataa jembe, hata nywele zisizochanika. Si jina la mhalifu.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalo neno hili katika 1 Wathesalonike 5:14. Neno la Kigiriki la Paulo hapo lilitumiwa juu ya askari aliyetoka kwenye mstari wake. Angalieni basi: Paulo hasemi mtu huyo afukuzwe. Anasema aonywe, tena tuwe na subira kwa wote.

Tusilichanganye na haya mawili:

1. "Hooligan" ni mhuni mwenye kufanya fujo na kuharibu vitu. Lilienea kupitia magazeti ya London mwaka 1898.

2. "Riot" ni neno la sheria. Kwa kifungu cha 78 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ni lazima wawe watu watatu au zaidi waliokusanyika, wakaanza kuvunja amani hata watu wakaogopa. Mtu mmoja akipiga kelele peke yake, hiyo si "riot".

Kwa hiyo, katibu, andika kitendo, usiandike sifa. Sema: "Alizungumza mara tatu bila ruhusa ya mwenyekiti." Hilo kila mtu aweza kulikubali au kulikataa. Na anayeuliza, "Pesa zetu ziko wapi?" huyo si "unruly" hata kidogo. Anadai haki yake.

Maswali ya kujadiliana:

1. Katiba ya kikundi chetu inasema nini juu ya kuonya kabla ya kutoza faini?

2. Je, miniti husomwa kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa?