Mlango Wazi, Msimbo Uliofungwa: Uchapishaji Huria na Msomaji wa Kilifi

Kando ya hospitali kuu ya Kilifi kuna kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1989 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), wakfu wa Wellcome Trust wa Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford. Tangu mwaka 2000, wakazi wa eneo la kilomita mraba 891 kukizunguka kituo hicho wamekuwa wakiorodheshwa nyumba kwa nyumba: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama. Jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa, lililoanza mwaka 1993 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 1996, lilionyesha kuwa vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi 59 vilipungua kwa asilimia 33. Maarifa hayo yalitoka katika miili na nyumba za watu wa pwani. Yaliandikwa kwa Kiingereza, katika jarida la kimataifa. Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni hili: matini kama hiyo inapowekwa wazi kwa kila mtu, huwa imewekwa wazi kwa nani?

Uchapishaji huria ni utaratibu wa kuiweka matini ya kitaaluma katika intaneti ili isomwe bila malipo. Azimio la Budapest la mwaka 2002 ndilo lililoupa utaratibu huo jina na shabaha. Kuanzia Oktoba 2005, Wellcome Trust iliwataka watafiti waliopata ruzuku zake mpya waweke makala zao katika hifadhi ya wazi katika muda wa miezi 6 baada ya kuchapishwa. Na kwa makala zinazowasilishwa tangu Januari 2021, muda huo wa kungoja uliondolewa kabisa. Faida yake si ndogo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani aweza leo kuisoma makala iliyoandikwa umbali mfupi kutoka bwenini mwake bila kumlipa mchapishaji wa ng'ambo. (Gharama haikutoweka, bali ilihama. Majarida mengi humtoza mwandishi ada inayopita dola 1,000, na mhadhiri asiye na mfadhili hubaki nje kama mwandishi hata anapoingia kama msomaji.)

Roman Jakobson, katika makala yake ya mwaka 1960, alieleza kuwa kila tendo la mawasiliano lina vipengele sita: mtumaji, mpokezi, ujumbe, muktadha, kiungo na msimbo. Kiungo ni njia inayowaunganisha mtumaji na mpokezi. Msimbo ni lugha na kanuni wanazoshirikiana. Kwa mujibu wa mgawanyo huu, uchapishaji huria hurekebisha kipengele kimoja tu, yaani kiungo. Msimbo unabaki vilevile: Kiingereza, na ndani ya Kiingereza hicho, lahaja finyu ya takwimu na vifupisho. Wolfgang Iser naye alitufunza kumtafuta msomaji dokezwa, ambaye matini yenyewe humjenga kwa yale inayoyaeleza na yale inayoyaacha bila maelezo. Makala ya malaria haielezi kipindi cha kujiamini cha kitakwimu ni nini, ila huenda ikaeleza Kilifi iko wapi. Kwa ishara hiyo moja msomaji dokezwa anajulikana: anajua takwimu, hajui Kilifi. Mama wa Junju au Ngerenya, aliyeruhusu mwanawe atolewe damu, ni kinyume chake kamili.

Mwambao wenyewe una mfano wa zamani wa tatizo hili. Maulidi ya Barzanji yanaposomwa Mambrui au Malindi kwa Kiarabu, hakuna anayetozwa ada ili asikilize. Kiungo ki wazi, ilhali wengi wa wasikilizaji hawakijui Kiarabu cha matini ile. Jamii haikuridhika na hali hiyo. Sharifu Mansab wa Lamu aliyatia Maulidi hayo katika Kiswahili, na misikitini kuna darsa, ambapo sheikh husoma sentensi ya kitabu, huifasiri, huipigia mifano, kisha huulizwa maswali. Darsa ni taasisi ya msimbo, nayo ndiyo inayokosekana katika mjadala wa uchapishaji huria. Kwa haki, kituo cha Kilifi hakikulipuuza jambo hili, kwani kina wawakilishi wa jamii na hufanya mabaraza vijijini. Lakini baraza hupita, na matini inayodumu ni ile ya Kiingereza.

Hapa ndipo leseni inapokuwa na uzito kuliko bei. Makala nyingi za aina hii hutolewa kwa leseni ya Creative Commons inayodai mtajo tu (CC BY), ambayo humruhusu yeyote kutafsiri na kufupisha bila kuomba idhini, mradi amtaje mwandishi na aonyeshe alichobadili. Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967; leseni hii haimuui, maana jina lake halina budi kutajwa, bali inamwondolea ufunguo wa mlango. Mfasiri wa Kiswahili amekwisha kupewa ruhusa. Hata hivyo akumbuke, jambo ambalo wanafunzi wa Kiswahili hulisahau, kuwa kwa mama wa Junju Kiswahili chenyewe huwa lugha ya pili baada ya Kigiriama au Kichonyi.

Neno moja latosha kuonyesha ugumu wa kazi hiyo. Hospitalini, uchunguzi ni kupimwa ili mgonjwa atibiwe. Chuoni, uchunguzi ni kutafuta maarifa. Mwaka 2004, watafiti wa Kilifi walichapisha makala kuhusu uelewa wa ridhaa, iliyoonyesha kuwa baadhi ya wazazi waliichukulia shughuli ya utafiti kuwa sehemu ya matibabu. Mfasiri atakayeandika "uchunguzi wa damu" ataurudisha mkanganyo uleule. Atakayeandika "utafiti" atakuwa ametumia neno la darasani. Njia ya tatu ni ile ya darsa: kueleza kwa sentensi nzima kwamba damu hii inatolewa ili wataalamu wajifunze jambo wasilolijua bado, na kwamba mtoto atatibiwa hata mzazi akikataa. Sentensi hiyo ni ndefu, na katika ikisiri ya makala haina pa kukaa.