Somo la Sita: Mshahara wa Ng'ambo na Deni la Nyumbani

Katika masomo yaliyotangulia tumeuzungumzia mkopo kama mkataba, pamoja na haki za anayekopa. Somo hili linahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halionekani kuwa la fedha, nalo ni picha tuliyo nayo vichwani juu ya maisha ya ng'ambo. Tumeliingiza katika kijitabu cha mtumiaji wa huduma kwa sababu picha hiyo ina bei. Mara nyingi anayeilipa ni mtu ambaye hajavuka hata Ziwa Viktoria.

Tuchukue familia ya mfano katika kata ya Mkula, Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Ni wakulima wa pamba na mahindi, wana jozi moja ya maksai, na binti yao amemaliza kidato cha nne miaka mitatu iliyopita. Mwezi Januari, pamba ikiwa bado shambani na msimu wa ununuzi ukiwa mbali, anafika mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa ajira. Anaeleza kwamba ipo kazi ya nyumbani Muscat, nchini Oman, kwa mshahara wa riali 80 kwa mwezi. Anataka shilingi 1,500,000 kwa ajili ya hati ya kusafiria, vipimo vya afya na kile anachokiita "mambo ya viza". Baba hana fedha hizo. Mjomba wa binti anafahamu mahali zinapopatikana siku hiyo hiyo, bila maswali mengi, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Rehani ni wale maksai.

"Shemeji, usiogope," anasema mjomba. "Akishapokea mshahara mara moja au mbili, deni limekwisha. Kule riali moja tu ni pesa nyingi."

Maneno ya mwisho ya mjomba ni ya kweli, na ndiyo maana yanapotosha. Riali ya Oman ni miongoni mwa sarafu zenye thamani kubwa duniani. Kwa miongo kadhaa imefungamanishwa na dola ya Marekani, ambapo riali moja ni takriban dola 2.60. Riali 80 basi ni dola 208. Tukikadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, kwa ajili ya mfano tu, binti atalipwa shilingi 520,000 kwa mwezi. Kwa familia inayosubiri pamba, fedha hizo si haba. Lakini tuziweke kando ya deni tuone.

Mkopo umechukuliwa Januari. Taratibu za safari zinachukua wiki kadhaa, binti anaondoka mwishoni mwa Februari, anafanya kazi mwezi mzima, na mshahara wake wa kwanza unafika mikononi mwake mwezi Aprili. Wakati huo wote riba haikulala. Baada ya mwezi wa kwanza deni limekuwa shilingi 1,800,000. Baada ya wa pili, 2,160,000. Baada ya wa tatu, 2,592,000. Riba ya mwezi unaofuata, kwa asilimia ile ile 20, ni shilingi 518,400. Binti akituma mshahara wake wote, asibakize hata wa kununua sabuni, deni litapungua kwa shilingi 1,600.

Tunamwomba msomaji arudie hesabu hiyo mwenyewe kwa kalamu. Wapo watakaodhani tumekosea. Hakuna aliyeiba hapo, hakuna aliyefukuzwa kazi, na mshahara umelipwa kama ulivyoahidiwa. Hata hivyo maksai wako njiani kuondoka.

Mikopo ya namna hii ndiyo ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu". Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kampuni au mtu anayefanya biashara ya kukopesha anapaswa kuwa na leseni, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili leseni hiyo hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania. Riba kwa daraja hilo imewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Tukirudia mfano wetu kwa kiwango hicho, deni baada ya miezi mitatu lingekuwa takriban shilingi 1,663,000, na riba ya mwezi unaofuata isingefika shilingi 60,000. Mkopaji ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni kabla ya kuweka saini au dole gumba. Asiyetaka kuionyesha ameshajibu.

Lakini swali linalotangulia la mkopo ni hili: kwa nini binti alipie kazi? Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaeleza kuwa mawakala binafsi wa ajira hawapaswi kumtoza mfanyakazi ada au gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Aidha, Tanzania Bara ina Sheria ya Kukuza Huduma za Ajira ya mwaka 1999, inayowataka mawakala wasajiliwe, na ipo taasisi ya Serikali, Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania (TaESA), iliyoanzishwa mwaka 2008, ambako mwananchi anaweza kuuliza kama wakala aliyemfikia anatambulika. Wakala wa kweli hakimbii swali hilo, wala hasemi nafasi itapotea ikifika kesho asubuhi.

Tuje sasa kwenye picha yenyewe. Wengi huiona Oman kuwa nchi ya karibu, karibu kama ya ndugu. Kuna ukweli. Historia ya Zanzibar na Oman imeacha familia zilizoenea pande zote mbili, na Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar, waliohamia au kurudi huko hasa baada ya mwaka 1964 na kufuatia wito wa Sultani Qaboos aliyeanza kutawala mwaka 1970, wanazungumza Kiswahili hadi leo. Binti wa Mkula anaweza kweli kukuta mama mwenye nyumba anayemwelewa. Ila lugha moja haibadilishi utaratibu wa kisheria unaomfunga. Katika mfumo unaoitwa kafala, ukaazi wa mfanyakazi wa kigeni unategemea mwajiri aliyemdhamini. Mfanyakazi wa nyumbani akiondoka bila ridhaa ya mwajiri anaweza kuripotiwa kuwa ametoroka, na kuanzia hapo yeye ndiye mwenye kosa. Kauli ya hapa nyumbani kwamba "ikimshinda atarudi tu" haiufahamu mfumo huo.

Mwezi Novemba 2017, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa nyumbani wa Kitanzania nchini Oman na Falme za Kiarabu. Walioeleza habari zao walitaja kunyang'anywa hati za kusafiria, kufanya kazi kwa saa nyingi bila siku ya mapumziko, na kulipwa chini ya walichoahidiwa au kutolipwa kabisa. Wapo pia wanaofanya kazi kwa waajiri waungwana, wakamaliza mikataba na kurudi na mtaji. Hatuandiki haya kumzuia mtu kusafiri. Tunayaandika kwa sababu nyumbani ukimya wa mfanyakazi hutafsiriwa vibaya. Asipotuma fedha miezi miwili husemwa amesahau alikotoka, kumbe pengine simu iko kwa mwajiri. Na akipiga, simu huwa na haraka:

"Shikamoo baba. Mimi mzima. Mwezi huu bado hawajanipa."

"Marahaba mwanangu. Sasa mwenye deni amekuja jana. Nimwambie nini?"

Binti anayeulizwa hivyo ataazima kwa mwenzake, au ataomba mshahara wa mbele, na hapo anazidi kufungika kwa mwajiri. Deni la Mkula limehamia Muscat.

Hata fedha zinapotumwa, si zote zinazofika. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ndizo zenye gharama kubwa zaidi duniani za kupokea fedha kutoka nje. Lengo la kimataifa ni gharama hiyo isizidi asilimia 3 ifikapo mwaka 2030, na bado tuko mbali nalo. Sehemu ya gharama hujificha katika kiwango cha kubadilishia fedha. Mtoa huduma anaweza kutangaza kuwa kutuma ni bure, lakini siku ambayo riali moja ni shilingi 6,500 yeye akakuhesabia 6,300. Kwa riali 60 umepoteza shilingi 12,000 bila kuona neno "ada" mahali popote. Anayetuma aulize swali moja: "Nikikupa riali 60, mpokeaji atapata shilingi ngapi mkononi?" Jibu la swali hilo ndilo la kulinganisha kati ya mtoa huduma mmoja na mwingine.

Si Uarabuni peke yake. Familia yenye kijana anayesoma Uingereza huanza kumtegemea mapema mno. Mwanafunzi wa shahada huko kwa kawaida anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo, na kabla hata ya kupata viza ametozwa mchango wa huduma ya afya, ambao tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, yaani kama pauni 244 kwa wiki kwa saa hizo 20. Toa kodi ya chumba, nauli na chakula, kisha ndipo umtumie ujumbe wa bati za nyumba.

Imani kwamba aliyeko ng'ambo ana mali ya kugawa inawanufaisha pia matapeli. Mtu hupokea simu au ujumbe kwamba ndugu yake, au rafiki aliyefahamiana naye mtandaoni, amemtumia mzigo wenye simu, nguo na dola, nao umekwama uwanja wa ndege. Atume ushuru upesi kwa namba fulani. Ushuru wa Serikali haulipwi kwa namba ya simu ya mtu. Hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, ile ambayo wengi huiita "kontroo namba". Ujumbe wa namna hiyo na namba iliyoutuma viripotiwe kwa kutuma kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Familia inayosafirisha mtu ibaki na nakala ya mkataba, ya hati ya kusafiria na ya leseni ya wakala, pamoja na jina na anwani ya mwajiri. Wakubaliane siku ya kupigiana simu, na swali moja ambalo jibu lake wanalijua wao tu, ili mtu akipiga na kudai kuwa ni yeye aweze kuulizwa.

Zoezi la kikundi. Kijana wa Lamadi ameahidiwa kazi Dubai kwa dirham 1,000 kwa mwezi. Dola moja ni takriban dirham 3.67, tumieni shilingi 2,500 kwa dola. Familia imekopa shilingi 1,000,000, na mshahara wa kwanza utafika baada ya miezi minne.

1. Mshahara huo ni shilingi ngapi?
2. Deni litakuwa kiasi gani siku mshahara unapofika, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na kwa asilimia 3.5?
3. Kijana anahitaji kubaki na kiasi gani kwa ajili ya chakula na chumba? Mmoja wenu mwenye ndugu huko ampigie na kumuuliza, kisha mjaze jibu lake hapa kabla ya kuendelea na somo la saba.