Andika "Friza Imeharibika": Somo la Lugha ya Uongozi Maabara



Likizo iliyopita nilifanya mafunzo ya vitendo katika maabara moja ya serikali inayotafiti magonjwa ya mazao. Mimi ndiye niliyeandika ripoti ya wiki. Friza ya sampuli ilipogoma niliandika: "Friza imeharibika tangu Jumatatu." Mkubwa wangu aliifuta sentensi hiyo, akaniambia niandike: "Ipo changamoto katika mnyororo baridi na ufuatiliaji unaendelea." Nikaandika. Makao makuu hawakuona jambo la haraka. Fundi alifika baada ya siku 9, na majani ya muhogo tuliyokusanya kwa wakulima kwa miezi miwili yalikwisha oza. Aliyeagiza ni yeye, lakini mkono ulioandika ni wangu.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma jinsi maabara kubwa zinavyoteleza. Kisa kimoja kinatufaa.

Kisa cha pipa

Los Alamos ni maabara ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1943 katika jimbo la New Mexico. Taka zake zenye plutoniamu hutiwa katika mapipa na kuzikwa ndani ya mwamba wa chumvi karibu na mji wa Carlsbad, mita zipatazo 650 chini ya ardhi. Baadhi ya taka hizo zilikuwa na chumvi za nitrati na majimaji, kwa hiyo zilichanganywa na kitu cha kunyonya unyevu. Kilichotakiwa ni kitu cha asili ya madini. Waraka wa kazi ukataja kitu cha asili ya viumbe. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili yanatofautiana silabi ya mwanzo tu. Wafanyakazi wakafuata waraka, wakatia mchanga wa choo cha paka uliotengenezwa kwa ngano. Nitrati ikichanganyika na vitu vya mimea huweza kuzalisha joto kali.

Tarehe 14 Februari 2014 pipa moja lilipasuka chini ya ardhi. Wafanyakazi zaidi ya 20 walikutwa na mionzi kidogo mwilini, na kazi ya kuzika taka ilisimama karibu miaka 3.

Wachunguzi wa Wizara ya Nishati walisema ajali hiyo ingeweza kuzuilika. Mabadiliko ya waraka hayakukaguliwa ipasavyo. Zaidi ya hapo, waliokuwa wakijaza mapipa walishaona povu na moshi wa njano, wakaambiwa wasubiri povu litulie kisha waendelee na kazi. Basi kosa la neno lilikuwa na nafasi ya kusahihishwa, ila walioona hawakusikilizwa.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tutofautishe istilahi na maneno ya kujifichia. "Nitrati" hutaja kitu kimoja tu. "Changamoto" hubeba friza, moto na mshahara uliochelewa, vyote kwa pamoja. Istilahi hubana maana, na maneno ya kujifichia huilegeza mpaka asiwepo wa kuwajibika.

Pili, ripoti ijibu maswali matatu: nini kimetokea, nani atafanya nini, na lini. Fundi akiisoma ajue abebe vifaa gani.

Tatu, kiongozi amuulize aliye karibu na pipa, na anayesema "tusimame kwanza" ashukuriwe. Asipoulizwa, aseme vilevile. Mimi sikusema.

Tusicheke ya Marekani huku yetu yakituangalia. Muhtasari wa kikao chetu uliopita unasema "rasilimali hazikukidhi mahitaji". Maana yake ni kwamba fedha za futari ziliisha kabla ya Ramadhani kwisha, na wanachama wakajua walipokuta sufuria tupu. Mimi ni katibu wenu. Muhtasari ujao nitaandika "fedha zimeisha", pamoja na kiasi na tarehe. Nikisahau, nikumbusheni mbele ya watu.

Wabillahi tawfiq.